Chupa Isiyoazimwa

Subilaga amekuja alfajiri, ukungu bado umelalia viazi,
khanga begani, Ipyana mgongoni,
jicho la mtoto jekundu kama ndani ya pera.
"Dada Tusekile, niazime ile chupa yako ndogo.
Tone moja tu. Wewe si umepona?"

Hapa Isongole hatunyimani.
Moto alinipa yeye, Julai ile kuni zilipolowa.
Chumvi, jembe, ndoo;
hata mumewe aliniazima siku nzima
anipakilie magunia lorini.
Nani anahesabu?

Lakini chupa nimeifumba kiganjani.

Mimi ni fundi cherehani.
Mwezi wa sita jicho la kushoto liliwaka,
si la moshi, si la vumbi. Liliuma kwa ndani,
mwanga wa dirishani ukawa sindano,
na sindano yenyewe sikuiona tundu.
Mbeya mjini daktari alinichungulia kwa taa nyembamba,
akasema mwili wangu unapigana na jicho lake wenyewe.
Akaandika dawa. Akaandika na ngazi ya kushukia:
mara sita, mara nne, mara mbili, mara moja.
"Usikate ghafla ukiona limeng'aa.
Mlima Nyoka unaujua?
Lori halizimwi injini katikati ya mteremko.
Shuka kwa gia.
Na kila baada ya wiki mbili njoo nikupime presha."
Nikamwambia presha sina.
Akacheka. "Ya jicho, mama. Hiyo haipigi hodi."

Haipigi hodi. Namjua iliyemwingilia.
Kaka yangu Anyelwisye, mpasua mbao,
alipewa chupa kama hii ya mwezi mmoja,
akaitumia miaka mitatu.
Kila vumbi la mbao lilipomuwasha, mbio dukani:
"Nipe ile ya kifuniko cha pinki."
Na macho yakawa meupe, tukayasifu!
Weupe ule ulikuwa pazia.
Nyuma yake giza lilijenga pembeni, tofali juu ya tofali,
hadi siku alipomkumba mama uani
mchana kweupe,
akaapa hakumwona.

Kwa hiyo nanawa.
Natikisa chupa, navuta kope ya chini,
tone moja, ncha isiguse hata unywele wa kope.
Nafumba. Nabana kona ya jicho penye pua
nikihesabu kama nahesabu mishono ya pindo.
Ile dawa ya pili inangoja dakika tano, haina haraka.
Ubavuni mwa chupa nimeandika tarehe niliyoifungua:
siku ishirini na nane, basi,
hata ikibaki nusu, hata roho ikiniuma kwa bei yake.

"Subilaga," nasema, "chumvi ipo, moto upo.
Hii imeandikwa jina langu."

Alinitazama kama mtu aliyeomba maji
akaonyeshwa kufuli.
Hakusema haya. Aligeuka.

Nilifunika cherehani, gauni la watu likiwa nusu,
nikamkuta kwenye mikaratusi, nikampokea mtoto.
Kituo cha afya walimdondoshea rangi,
wakamulika kwa taa ya bluu,
na palipokwaruzwa na jani la mahindi
pakawaka kijani, mkwaruzo mwembamba kama uzi.
Muuguzi akauliza tumemtia nini.
"Hatujamtia kitu," nikasema.
"Maana mngemtia ile ya pinki, kidonda hiki..."
Hakumalizia. Akafungua droo, akatoa dawa nyingine,
akaandika juu yake: Ipyana.

Njiani mvua ikatukuta.
Subilaga hakusema neno, nami sikumdai neno.
Mwavuli ulikuwa wake.
Aliushika juu yangu na mtoto,
bega lake la kulia likilowa
hadi nyumbani.